Mwaka Nilipolamba Bomba

Wiki iliyopita Mwalimu Kabula alinipigia simu. Sauti ileile, kavu, isiyo na haraka, kana kwamba tuliachana jana darasani. "Malimi," akasema, "nastaafu. Kabla sijakabidhi chaki nataka kuleta darasa langu la mwisho hapo kwako. Tunasoma hali za maada." Nikamwambia alete hata shule nzima, nitawanywesha soda mpaka washindwe kupanda kilima kurudi. Akajibu kwamba soda hataki, anachotaka ni barafu na mlango. Nina vyumba vya baridi hapa Mwanza, ninacho Sengerema, kingine kinapauliwa Kisesa wakati naandika haya. Malori yangu yana jina langu ubavuni kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho anazisoma. Ukiwa mbali na ziwa ukauziwa sangara ambaye jicho lake bado linang'aa, kuna uwezekano mkubwa samaki huyo alilala kwangu. Wenzangu wakifanikiwa husema ni bahati. Mimi nasema ni mimi. Ila upo mwaka mmoja ambao siwezi kuusimulia bila kumtaja mwalimu huyu, na mwaka wenyewe ndio huu.

Sitaanza na baba wala mama, wala ng'ombe tuliokuwa nao, wala kwa nini niliishia darasa la sita. Ukoo utanisamehe. Nitaanza na chumba. Kilikuwa ufukweni, upande wa Kirumba, kuta nene kama za benki, mlango wa mbao uliovishwa bati, mzito mpaka uusukume kwa bega. Ndani palikuwa na mabomba yaliyojikunja ukutani, yanapitisha maji ya chumvi kali yaliyopoozwa na mashine, na chini yake tukipanga samaki wa wateja na barafu tuliyogandisha kwenye makopo marefu ya bati. Nyuma ya chumba hicho, kwenye stoo ya pumba za mpunga tulizofunikia barafu, ndipo nilipolala. Huku ukutani baridi, kule ukutani jua la ziwa, na mimi katikati kama nyama ya sambusa. Asubuhi nilikula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa chai ya rangi, mchana ugali wa muhogo na kichwa cha sangara ambacho hakuna mteja aliyekihesabu. Nilikuwa mpakuzi, mlinzi, mfagiaji na, kwa maoni yangu, meneja. Mwenye mali, Mzee Magesa, mtu wa Ukerewe mwenye kofia isiyovuliwa, hakuwa na maoni hayo.

Mwaka ule biashara ya samaki ilichangamka na akina mama wachuuzi wakawa wengi. Na hapo ndipo chumba kilipoanza kuumwa. Mabomba yalivaa barafu nyeupe, laini kama unga wa sembe, ikanenepa hadi bomba la kipenyo cha mkono likawa nene kama paja. Sasa hapa ndipo mtu hushindwa kuelewa: kadiri barafu ilivyonenepa kwenye mabomba, ndivyo chumba kilivyopoteza baridi. Ilikuwa kama bomba limejifunika blanketi na baridi yake, halitaki kugawa. Samaki wakalegea. Sakafuni pakawa na dimbwi. Mzee Magesa akaangalia dimbwi, akaangalia mabomba, akatoa hukumu: "Yanavuja." Akaleta mafundi wa kuchomelea. Wakachomelea. Yakavaa barafu tena. Akaleta wengine, wakachomelea palepale walipochomelea wale wa kwanza. Na sisi wapakuzi tulikatazwa kugusa ile barafu ya mabomba, maana maji ya ndani yalikuwa na chumvi kali na dawa ya kuzuia kutu, na Mzee aliapa kwamba ni sumu. Nilijua tu kwamba ni chumvi ya ajabu, kwa sababu siku moja nikijaza tangi yalinirukia mdomoni, midomo ikawaka mpaka jioni.

Siku moja akiwa mlangoni na wazee wenzake nilimsikia akisema, "Mwisho wa mwezi nampa mnunuzi wa chuma chakavu. Achukue mashine, mabomba, na huo mlango." Mwenzake akamuuliza, "Na yule kijana wako?" Mzee akacheka. "Malimi? Huyo hana uzito wa kupimwa kwenye mizani ya chuma chakavu." Nikatoka nyuma ya makreti. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Nikiuponya huu mtambo?" Wote wakaangua kicheko. Mzee alipomaliza kujifuta machozi akasema, mbele ya mashahidi, "Marahaba. Ukiuponya kabla huyo mtu hajaja na lori lake, utauendesha wewe, tutagawana faida." Aliahidi vile anavyoahidi mtu anayejua hatadaiwa. Mimi nikaweka akilini. Nikishindwa, sina kazi, sina pa kulala, narudi kijijini kwa miguu yangu na mdomo wangu huu mkubwa.

Katika siku hizohizo akaja mwalimu mmoja kijana, mwembamba, viatu vimejaa vumbi la mlimani. Shule yake ilikuwa juu kule kwenye mawe, ambako nyumba zimekaa juu ya majabali kama kuku waliolala. Alitaka pande la barafu kwa ajili ya darasa la tano. "Kitabu kina picha ya barafu," akasema. "Sitaki wajifunze picha." Nikamwambia nitalipeleka mwenyewe. Sikwenda kwa wema. Nilikwenda kwa sababu tangu niache shule hakuna mwalimu aliyewahi kuniomba kitu.

Nililifungia kwenye gunia lenye pumba, nikalipandisha mlima kwa baiskeli, nikaingia darasani kama bwana harusi. Watoto wakasimama: "Shikamoo mgeni!" Aisee. Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito niliyoiazima palepale. Mwalimu Kabula akaweka pande juu ya meza. "Hii ni hali gani?" "Yabisiii!" Akavunja kipande akakitia kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, kikawa maji. "Na hii?" "Kimiminikaaa!" Maji yakachemka, mvuke ukapanda hadi kwenye mbao za paa. "Gesiii!" Safi kabisa. Ila nilikuwa nimekaa kwa muda mrefu bila kusema, na mimi hilo siliwezi. Nikasimama. "Wanangu," nikasema, wakati mwanangu wa kwanza hata hajafikiriwa, "mwenye barafu ni mimi. Swali lolote la barafu niulizeni mimi."

Binti mmoja wa mbele, Ng'washi, miguu haifiki sakafuni, akanyoosha kidole kuelekea jagi la bati ambalo mwalimu alikuwa ametia maji na vipande vya barafu. "Mgeni, kwa nini jagi limelowa kwa nje? Hakuna aliyelimwagia."

"Swali zuri," nikasema. "Barafu inatoka jasho. Jasho linapenya bati, linatokea nje. Hata kule kazini kwetu mabomba yanafanya hivyo. Chuma kikipata baridi sana kinalegea, kinavuja."

Mwalimu Kabula hakunikosoa. Hilo ndilo lililonimaliza baadaye nilipolifikiria. Aliwageukia watoto akauliza, "Mgeni wetu anasema maji yamepenya. Nani anakubali?" Mikono yote juu. Wangu pia. "Basi kesho tutaliuliza jagi lenyewe. Malimi, uje na barafu nyingine."

Kesho yake alikuwa amechemsha rozela, nyekundu kama damu ya mbuzi, akaitia sukari kama ya harusi. Akaimimina kwenye majagi mawili yanayofanana. La kwanza akalijaza barafu, la pili akaliacha hivyohivyo. Tukakaa tunayatazama, watoto na mimi, kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. La barafu likaanza kulowa nje. Vitone vikatokea, vikakua, vikateleza. "Vina rangi gani?" akauliza. Vilikuwa vyeupe. Maji matupu. Kabla mtu hajasema neno, Ng'washi akainuka, akasogeza uso, akalilamba jagi kuanzia chini hadi juu.

"Mwalimu! Hayana sukari! Ni maji tu!"

Darasa likapasuka. Kila mmoja akataka kulamba, wakapanga foleni, kulikuwa na mmoja aliyerudi mara ya pili akisema hakuonja vizuri. Na mimi nililamba, niseme nini? Hayakuwa na sukari. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayezama huku anaongea, "Labda bati linachuja. Sukari na rangi vinabaki ndani." Mwalimu akagusa jagi la pili. "Kama bati linachuja, kwa nini hili ni kavu? Lina rozela ileile." Nikaligusa na mimi, kavu kabisa. Mvulana mmoja nyuma akanong'ona, "Uchawi," wenzake wakamzomea.

Mwalimu akatoa kioo kidogo kwenye mkoba, akakipulizia pumzi, kikafanya ukungu. Akakipitisha kwao. "Maji haya yalikuwa kwenye kioo?" Hapana. "Yalikuwa wapi?" Kisha Ng'washi, taratibu, kana kwamba anaogopa kulivunja jibu: "Kwenye pumzi. Hewani." Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza mbele yangu. Akafungua dirisha. Chini kule ziwa lilikuwa limelala lote, linang'aa. "Ziwa lote lile linapigwa na jua kila siku. Mnadhani maji yanakaa palepale? Yanapanda. Yako humu darasani sasa hivi, mnayavuta puani, ila hamuyaoni. Yakigusa kitu cha baridi yanaogopa, yanarudi kuwa maji. Baridi ikizidi?" Darasa zima: "Barafuuu!"

Nilishuka mlima nikiisukuma baiskeli, mteremko wote ule, kwa sababu hasira haikuniruhusu kuipanda. Darasa la tano wamenishinda! Usiku mzima pumba zilinichoma mgongoni. Kulipokucha nikaingia chumbani, nikabaki nayatazama yale mabomba manene. Kama yanavuja, basi hii barafu ni ya chumvi. Kama ni ya chumvi, itaniwasha. Na kama haina chumvi, basi haikutoka ndani ya bomba. Hakuna mtu aliyewahi kuionja kwa sababu tulikuwa tumeambiwa ni sumu. Nikafikiria lori la chuma chakavu. Nikamfikiria Ng'washi na miguu yake isiyofika sakafuni. Nikautoa ulimi.

Tamu! Maji matamu kabisa, ya ziwa, kama yaliyochotwa jana. Nikataka kupiga kelele, na hapo nikagundua kwamba ulimi umenasa. Nilikuwa nimegusa chuma chenyewe pale barafu ilipobanduka, na chuma kikanishika kama deni. Nikavuta, wapi. Na ni wakati huohuo mlango ulipofunguliwa akaingia Mama Kulwa, mkuu wa wachuuzi wetu, mwili wake umeujaza mlango wote, kreti ya plastiki ameitegesha mguuni mwa mlango usijifunge.

"Mwangaluka, Malimi!" akanisalimu kwa Kisukuma.

Nikasema, "Nnngh."

"Nimesema mwangaluka."

"Nnngh!"

Akashika kiuno. "Haa! Mtoto wa watu, siku hizi hata shikamoo hunipi? Umeanza kufundisha shule, umekuwa mkubwa? Basi leo sitoki hapa mlangoni mpaka nipate salamu yangu."

Na hakutoka. Akasimama palepale, mlango wazi nyuma yake, ananisubiri. Mimi kichwa kimegeukia upande wake, ulimi bombani, sina la kufanya ila kutazama. Ndipo nikaona. Kile kimoshi kinachotambaa mlangoni kila ukifunguliwa, ambacho sote tulisema ni baridi inatoka, hakikuwa kinatoka tu. Hewa ya ziwa, nzito, ya moto, ilikuwa inaingia kwa juu, inageuka ukungu mbele ya macho yangu, inakuja moja kwa moja mpaka kwenye mabomba. Nikauona unatua. Maji yalikuwa yanaingia kwa mlangoni, kwa miguu yake yenyewe, na sisi tulikuwa tumeyashikia mlango. Maana desturi yetu ni ipi? Huwezi kumfungia mlango mtu mzima anayekusalimia. Umwulize habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za ng'ombe, za mgonjwa, na yeye akuulize zako zote, na nyote mmesimama kwenye ubaridi huo mtamu wa mlangoni ambao mjini hapa haupatikani bure kwingine. Akina mama wameongezeka, salamu zimeongezeka, barafu imeongezeka. Hesabu rahisi. Mama Kulwa mwishowe akasogea, akaona hali yangu, akasema "Mayu weeh!", akamimina chai kutoka kwenye chupa yake. Nikanasuka. Neno langu la kwanza lilikuwa shikamoo. La pili lilikuwa funga mlango.

Nilikwangua barafu ya bomba nikaijaza kikombe, nikaiacha iyeyuke, nikampelekea Mzee Magesa kibarazani kwake. Alikuwa anakunywa uji. Nikasimama mbele yake nikanywa chote. Akaacha kijiko hewani.

"Umekunywa nini?"

"Maji ya bomba lako linalovuja, mzee."

"Utakufa, wewe!" Akavua kofia. Ndiyo mara pekee niliyomwona kichwa. Tukasubiri. Mkewe akaja naye akasubiri. Sikufa. Nikajilamba midomo. "Hayana chumvi, mzee. Mabomba yako ni mazima. Umechomelea mabomba mazima."

"Sasa kama si bombani, yanatoka wapi?"

"Yanatoka kwenye salamu."

"Unanitukana asubuhi yote hii?"

Nikamfundisha palepale kibarazani, kwa kioo cha mkewe na pumzi yangu, neno kwa neno kama nilivyofundishwa, nikajitia kwamba ni yangu. Mkewe ndiye aliyeelewa kwanza. "Si kama mfuniko wa chungu?" akasema. "Kila siku natikisa maji ya mfuniko." Mzee akarudisha kofia. "Lori linakuja Jumamosi," akasema. "Tutaona."

Sikulala tena siku zile. Nilimwagia mabomba maji ya moto mpaka yakabaki uchi, nikalikausha dimbwi. Mpira wa mlango ulikuwa umeoza, nikaupachika mwingine nilioukata kwenye tyubu kuukuu za lori. Ndani ya mlango nikaning'iniza magunia mazito kama pazia. Hayo yote yalikuwa rahisi. Kazi ilikuwa watu. Siku ya kwanza nilipofunga mlango wakati mzee mmoja yuko katikati ya habari za nyumbani, maneno yalienea mpaka Kiseke kwamba kijana wa barafu ana kiburi. Akina mama wakanichukia, wakanitungia majina. Ndipo nilipopata akili ambayo hadi leo ninajisifia, nayo hakunifundisha mtu: nikatengeneza benchi. Nililiweka nje, chini ya kipande cha turubai, nikatia birika la chai na kipande cha barafu kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mteja akija, natoka mimi, mlango unajifunga nyuma yangu, namwamkia kwa heshima zote, nakaa naye, namaliza habari za ng'ombe hadi ng'ombe wa mwisho. Kisha ndipo tunaingia, tunapakua, tunatoka. Mama Kulwa akaketi katikati ya benchi, akatangaza: "Hapa ndipo baraza. Anayetaka kusalimiana mlangoni akasalimiane na sangara." Mambo yakaisha.

Jumamosi mnunuzi wa chuma chakavu akaja, na lori, na mizani, na vijana wenye nyundo. Mzee Magesa akamwongoza. Nikawafungulia. Mabomba yalikuwa meusi, makavu, na samaki walikuwa wamekakamaa kiasi kwamba mmoja ukimgonga analia kama ubao. Mzee akamshika mmoja, akamgonga ukutani. Ko! Akamgonga tena. Ko! Mnunuzi akaegemea mlango, mguu mmoja ndani mmoja nje, akaanza, "Habari za hapa lakini, mzee wangu, na nyumbani..." Mzee Magesa akamwangalia. Akaniangalia mimi. Kisha, kwa sauti iliyomfanya hata mnunuzi aruke, akasema: "Salamu zote nje! Unaniingizia maji!"

Mnunuzi akaondoka na sangara mmoja wa zawadi na mizani tupu. Na funguo, mbele ya benchi zima, zikawekwa mkononi mwangu. Niliendesha chumba kile, nikanunua hisa ya Mzee alipochoka, kisha kikazaa kingine, na kingine. Kila mlango wangu, kokote ulipo, umeandikwa kwa rangi nyekundu: SALAMU ZOTE NJE. Na kila chumba kina benchi. Wataalamu wenye vyeti wananiuliza siri, nawaambia ni benchi, wanadhani natania.

Basi jana wakaja. Watoto wamepanga mistari miwili, sare safi, na Mwalimu Kabula mbele yao, nywele zimekuwa nyeupe, viatu bado vina vumbi la mlimani. Nilikuwa nimevaa suti. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilimwona akija nikasahau kila kitu, nikasimama mlangoni mwa chumba changu kikubwa kuliko vyote, mlango wazi nyuma yangu, na mikono yote miwili nikamnyooshea.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuitikia. Aliniangalia usoni, kisha akaangalia juu ya kichwa changu, kwenye herufi nyekundu. Kimoshi kilikuwa kinatambaa miguuni mwangu. Nyuma yake binti mmoja mdogo akanyoosha kidole, akasema kwa sauti ya kutosha, "Mwalimu, yule baba anaingiza maji." Mwalimu Kabula akanipita, akaweka bega lake jembamba kwenye mlango, akausukuma taratibu mpaka ukabana. Ndipo akanigeukia, akanishika mikono yote miwili.

"Marahaba, mwanafunzi wangu," akasema. "Haya, twende tukae kwenye benchi."